Mtu Mmoja katika Safu ya Vizuizi

Ijumaa, tarehe saba Machi, wiki ya tatu tangu nilipokabidhi funguo na kuanza kuitwa mstaafu, nilikuwa nimepiga magoti kwenye sakafu ya chumba cha kuhifadhia picha, katika ofisi yetu kule Kacyiru, Kigali, nikimtafuta mwanamke mmoja ndani ya picha nilizopiga mwenyewe. Jina lake ni Donata. Kazi yake ni kukata mafunjo na kusuka mikeka. Nilikuwa na hakika kwamba yumo, kwa sababu katika miaka yote niliyokwenda kupiga picha kinamasi anakofanyia kazi, sikumbuki asubuhi hata moja ambayo hakuwepo. Kufikia saa sita mchana nilikuwa nimemaliza droo mbili bila kumpata.

Clarisse, binti anayetunza chumba hicho sasa, aliniletea kiti.

"Tanti, si ulituambia magoti ndiyo yamekustaafisha? Kaa basi."

Nikakaa. Nikaendelea kutafuta nikiwa nimekaa, na mambo yakawa yale yale.

Siku ya keki na hotuba mliniomba, wenzangu vijana, niwaandikie machache kuhusu kazi. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichosomea, na kwa sababu wengine wenu mnafanya kazi hii hii kule pwani. Nilikusudia kuwaandikia jambo jepesi: lenzi, matope, ndege. Hayo nitayaandika pia, maana bila hayo hamtaelewa jinsi mtu anavyoweza kusimama mbele ya kamera miaka mingi na asionekane.

Nilijifunza kazi penye maji ya chumvi. Wazazi wangu walikuwa Wanyarwanda waliokimbilia Tanzania, nami nikalelewa na kusomeshwa huko. Nilipomaliza chuo niliajiriwa kwa mkataba mfupi kupiga picha hifadhi ndogo za pwani: vipande vya mikoko, mabwawa ya chumvi yaliyoachwa, na zile nyanda tupu nyuma ya mikoko ambazo watu wa huko huziita jangwa, ingawa hufunikwa na maji kila bamvua. Siku yangu ya kwanza nilichelewa nusu saa. Bahari ilikuwa imekwisha kujaa, na mahali nilipotakiwa kusimama palikuwa na samaki. Mlinzi wa hifadhi aliniangalia, akayaangalia maji, akasema, "Rudi kesho, dada. Lakini usije saa hii. Njoo baada ya saa hii." Hakunieleza zaidi. Ilinichukua siku tatu kuelewa kwamba maji huchelewa kidogo kila siku, na kwamba mpiga picha wa pwani anahitaji saa mbili: moja ya mkononi na nyingine ya mwezi.

Chumvi ilizila skrubu za tripodi yangu kabla mkataba haujaisha. Tangu hapo huiosha miguu ya tripodi kila jioni kwa maji safi, hata hapa Kigali ambako chumvi hukutana nayo mezani tu. Ninyi mlio pwani, osheni. Msingoje kesho. Kutu haiombi likizo.

Kisha nikarudi Rwanda. Neno "kurudi" ni la heshima tu, maana sikuwahi kufika kabla ya hapo. Ofisi ilinihitaji kwa kazi iliyofanana na ile ya pwani: kupiga picha bustani ndogo na vinamasi vilivyo chini ya vilima vya jiji, msimu baada ya msimu, ili kuona vinapungua au vinaongezeka. Nilikabidhiwa kwa Bwana Aloys, mchora ramani wa zamani aliyekulia Bujumbura, mtu mwembamba aliyevaa tai hata ndani ya mabuti ya mpira. Siku ya kwanza nilitegemea kupewa kamera. Alinipa kamba yenye fundo moja.

"Hii ndiyo kamera yako," alisema. "Ile ingine ni sanduku tu."

Kamba hiyo ilikuwa ya kupimia urefu kutoka kichwa cha kigingi hadi katikati ya lenzi. Kila kituo kilikuwa na kigingi chake cha saruji, na kila kigingi kilikuwa na mwelekeo wake wa dira, lenzi yake na saa yake. Ulikwenda mwanzoni mwa mvua na mwishoni mwa mvua, ukasimama pale pale, ukainua tripodi hadi kwenye fundo, ukapiga picha ile ile. Ukizilaza picha mbili juu ya meza, tofauti yoyote unayoiona ni ya kinamasi, si yako. Bwana Aloys alipenda kusema kwamba mpiga picha mzuri wa aina yetu ni yule ambaye hakuna anayejua kama amebadilishwa. Nililichukua kama fumbo la kufundisha unyenyekevu. Baadaye nilikuja kugundua kwamba alimaanisha hivyo hivyo alivyosema.

Sharti lake la pili lilihusu watu. Tulikuwa kituo cha tatu, na mzee mmoja alikuwa akivuka bonde na baiskeli yenye mzigo wa majani. Nilitaka kupiga. Bwana Aloys aliweka kiganja mbele ya lenzi.

"Subiri apite. Mutu akiingia kwenye picha, jicho inaenda kwa mutu. Unaweza kuchoma kinamasi yote nyuma yake, hakuna atakayeona. Watauliza tu, huyu ni nani, anatoka wapi. Sisi tunataka jicho iende kwa maji. Umeelewa, dada?"

Nilielewa. Hata leo nasema alikuwa sahihi. Nimeketi katika mikutano ambamo picha yenye mtu mmoja aliyevaa shati jekundu ilizungumziwa robo saa, na hakuna aliyeutaja mfereji uliokauka nyuma yake.

Kwa hiyo fomu yetu ilikuwa na safu iliyoitwa Vizuizi. Humo uliandika chochote kilichokuzuia kupiga kwa wakati, na dakika ulizongoja hadi kiondoke. Fomu zangu za miaka ya mwanzo zimejaa maneno kama "ukungu, dakika ishirini", "moshi, dakika tano", "ng'ombe watatu, dakika arobaini", maana ng'ombe hawaambiliki. Na mara nyingi kuliko yote: "mtu mmoja, dakika mbili".

Tulipiga kwa filamu wakati huo, na kila fremu ilikuwa na kazi yake. Filamu ilisafishwa katika duka moja la Muhima, juu ya ngazi nyembamba, na mwenye duka alizoea kutusikitikia. "Tena majani," alikuwa akisema akinikabidhi bahasha. "Harusi hamna? Ubatizo hamna?" Nilimwambia kinamasi hakibatizwi. Akasema labda ndiyo sababu kinazama.

Picha zetu ziliaminiwa, na hili ni muhimu mlifahamu. Mwaka mmoja nilifika kituo cha pili nikakuta ukuta wa karakana umejengwa katikati ya bonde, mfereji umezibwa, na kigingi changu kimefungiwa mbuzi. Mwenye karakana aliapa mbele ya mkutano kwamba pale hapakuwahi kuwa na maji. Bwana Aloys hakubishana naye. Aliziweka mezani picha mbili, ya masika iliyotangulia na ya masika ile, akaenda kuketi. Ukuta uliondolewa kabla ya kiangazi. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikijiona nimeshika kitu kisichoweza kusema uongo. Nilikuwa bado msichana.

Sasa niwaeleze kituo cha saba. Ofisi ilikiita kwa namba. Wenyeji waliliita bonde hilo Mu Rufunzo, yaani penye mafunjo. Ni bonde dogo, mtu hulizunguka kwa miguu kabla chai yake haijapoa, lakini mafunjo yake yalikuwa marefu kuliko ya mahali pengine popote nilipopiga. Asubuhi ya kwanza niliyokwenda peke yangu, Bwana Aloys akiwa na homa, nilisimamisha tripodi, nikapima kwa kamba, nikainama kuchungulia, na katikati kabisa ya fremu alikuwepo mwanamke aliyezama hadi magotini, mundu mkononi.

"Mama, samahani," nilimwambia. "Naomba usogee kidogo, nipige picha."

Aliangalia nyuma yake kuona ni nini kinachopigwa. "Picha ya nini? Hapa iko majani tu."

"Ndiyo, ya majani."

"Na mimi naharibu majani?"

"Huharibu, mama. Ni dakika mbili tu."

Akasogea kushoto hadi nje ya fremu, mkono ukiwa umeshika fungu lake lisianguke, akasimama huko akinitazama kama mtu anayemsubiri mgonjwa atoke msalani. Nikapiga. Katika safu ya vizuizi nikaandika: mtu 1, dakika 2.

Donata alikuwa Mnyarwanda aliyelelewa Burundi, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko, chenye haraka. Alinibatiza Mama Foto. Kadiri miaka ilivyopita sikuhitaji tena kumwomba. Aliniona nikishuka kilimani na tripodi begani, akaanza mwenyewe.

"Mama Foto, leo nitoke upande gani?"

"Kushoto."

"Kushoto iko na maji mingi leo. Unataka nife sababu ya picha yenye hata siko ndani?"

"Basi kulia."

"Kulia iko nyoka."

"Donata, jua linapanda."

"Lipande. Mimi pia napanda." Na kweli alikuwa akipanda ukingoni, akicheka, fungu begani, miguu myeusi kwa tope. Siku moja aliteleza akaketi ndani ya maji mpaka kifuani, nami nikacheka hadi nikaigusa tripodi, ikabidi nipime upya kwa kamba. Alipoinuka na kutoka kwenye fremu, nikapiga.

Alinifundisha kinamasi kuliko kitabu chochote. Alinionyesha kwamba funjo hukatwa juu ya maji, si chini yake, ama sivyo shina huoza. Kwamba machanga huachwa hadi mvua ya pili. Kwamba maji yakianza kunuka kama sarafu, kuna mtu anaosha magari huko juu. Maelezo chini ya picha zangu yakawa bora, wakubwa wakayasifu. Niliandika kwa mfano: "Mafunjo yanachipua upya baada ya kukatwa." Sikuandika aliyeyakata.

Mara moja aliniuliza, "Na mimi utanipiga lini?"

"Filamu imehesabiwa, mama. Siku nyingine."

Ilikuwa kweli wakati ule. Kisha zikaja kamera za kidijitali, na haikuwa kweli tena. Ningeweza kugeuza kichwa cha tripodi kwa kidole kimoja. Sikukigeuza. Sikumnyima kwa ubaya, ila mkono ulikuwa umezoea kungoja fremu iwe tupu, na yeye hakuuliza mara ya pili.

Bwana Aloys alistaafu. Nikaachiwa kamba pamoja na wanagenzi. Niliwafundisha sharti la watu kama nilivyofundishwa, na wengi wenu mnaosoma haya mlilisikia kutoka kinywani mwangu. Nasikitika kusema kwamba nililieleza vizuri.

Miaka ya karibuni, kama mjuavyo, iliamuliwa mabonde ya jiji yarudishwe katika hali yake: mifereji izibuliwe, mafunjo yapandwe, watu wapate njia za kutembea. Sina neno baya juu ya uamuzi huo. Nilikuwa nimeutumikia maisha yangu yote ya kazi. Mu Rufunzo nako kukawekwa mipaka kwa ajili ya bustani, na kamati ndogo ya bustani ikatumia picha yangu ya kituo cha saba kwenye bango la mlangoni. Ni picha nzuri. Ukungu umeinuka, maji yametulia, hakuna mtu.

Kisha zikaja droni, ambazo hazivai mabuti wala haziugui magoti, nami nikastaafu kabla ya wakati.

Jumatano, tarehe tano Machi, Donata alikuja nyumbani kwangu Kibagabaga. Hakuwahi kufika kabla. Alikataa kiti cha sebuleni, akaketi kwenye kibaraza, akiwa amevaa kitenge cha kanisani. Nilijua kuna jambo.

Kamati ilikuwa inaandika orodha ya wakataji wa zamani. Wale watakaoandikwa wangepewa kadi ya kuingia na kukata mafunjo katika ukanda mmoja uliotengwa, maana mafunjo yasipokatwa hujisonga. Asiyeandikwa hataingia tena. Sharti lilikuwa kuthibitisha kwamba ulikata pale kabla ya mawe ya mpaka kuwekwa. Wengine walikuwa na vitambulisho vya ushirika. Donata hakuwahi kujiunga. Mikutano ilikuwa Jumapili alasiri, na mumewe alilala kitandani miaka kwa kiharusi na hakuwa na mtu wa kumwachia. Majirani wangeweza kumshuhudia, lakini majirani nao walikuwa waombaji, na kamati haikukubali ushuhuda wa mdomo, wa mwombaji wala wa mtu mwingine. Orodha ilikuwa ifungwe Ijumaa ya tarehe kumi na nne.

"Wanataka picha ao karatasi," alisema. "Karatasi sina. Nikasema, picha? Picha si tatizo. Nina mutu wangu wa picha."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka kwa furaha. "Donata, nitakuletea picha zako mpaka uchoke kuzibeba."

Hivyo ndivyo nilivyofika sakafuni Kacyiru.

Tulitafuta Ijumaa yote, na Jumatatu, na Jumanne. Clarisse alizifungua kwenye kompyuta zile za kidijitali, akazikuza hadi majani yakawa miraba. Masika, vuli, masika, vuli. Kituo cha saba chote, kisha vituo jirani, kwa matumaini kwamba kwa mbali, ukingoni, angalau kitenge kimeonekana. Tulipata vishina vilivyokatwa vizuri juu ya maji. Tulipata mafungu yaliyoegemezwa kwenye ukingo. Tulipata njia nyembamba ndani ya mafunjo, upana wa mtu mmoja, iliyokuwepo katika kila picha na iliyoingia katikati kabisa ya fremu. Katika picha moja palikuwa na beseni la buluu.

"Tanti," Clarisse alisema Jumanne jioni, taratibu, kama mtu anayemwambia mgonjwa majibu. "Ulikuwa unafanya kazi yako vizuri sana."

Ndipo nilipozikumbuka fomu. Tulizitoa. Humo alikuwemo, msimu kwa msimu, kwa mwandiko wangu: mtu 1, dakika 2. Mtu 1, dakika 3. Mtu 1, ukungu. Mahali pengine alikuwa ameandikwa chini ya ng'ombe.

Siku iliyofuata nilikwenda kwa Donata kabla ya kwenda kwenye kamati. Niliona ni haki asikie kwangu kwanza. Alikuwa akisuka uani, mkeka ukiwa umefika nusu.

"Hakuna," nilimwambia.

"Hakuna mingi?"

"Hakuna hata moja."

Vidole vyake viliendelea. "Na ile siku nilianguka, ukacheka?"

"Nilingoja uinuke. Ukatoka, ndipo nikapiga."

Alimaliza mstari aliokuwa akiusuka, akaukaza kwa kidole gumba. "Nilikuwa naona nakusaidia," alisema.

Nilikuwa nimekuja na kamera. Nilimwambia, nadhani kwa sauti ya kijinga kabisa, kwamba naweza kumpiga sasa hivi, popote atakapo.

"Sasa ya nini, Mama Foto? Huko siko tena." Kisha, kwa kuwa alinihurumia, akasema neno ambalo watu wetu huwaambia waliofiwa: "Ihangane." Alinipa pole yeye, mimi nikaipokea.

Ijumaa tulikwenda pamoja mbele ya kamati. Walikuwa watu wanne wenye adabu katika chumba chenye joto. Mazungumzo yalikuwa ya Kinyarwanda, nayaandika hapa kama ninavyoyakumbuka. Nilieleza kazi yangu. Mwenyekiti, mwanamume wa umri wa wanangu, alinijua kwa sababu ya bango, akasimama kunisalimu kwa mikono miwili. Nikazitandaza picha. Nikaonyesha vishina, njia, beseni.

"Mama, tunakuheshimu sana," alisema. "Lakini beseni si mtu."

Nikazitoa fomu. Aliisoma moja, kisha ya pili, kwa uangalifu, kidole kikifuata safu.

"Hapa imeandikwa 'mtu mmoja'. Ni nani?"

"Ni huyu."

"Imeandikwa wapi kwamba ni huyu?"

"Haikuandikwa."

"Inaweza kuwa mpita njia."

"Inaweza," Donata alisema kabla sijajibu. "Lakini mupita njia hasimami kwa maji miaka yote."

Mmoja wao alitabasamu. Mwenyekiti hakutabasamu, niliona linamuuma. Alisema wakianza kukubali kumbukumbu za watu, hata za watu wa kuaminika, watakuwa na mia mlangoni kesho, na ndiyo maana waliamua mapema kushika picha na karatasi tu. "Ninyi ndio mliotufundisha, mama. Picha haina upendeleo."

Orodha ilifungwa saa kumi na moja. Donata hakuwamo.

Jumapili nilimtembelea Bwana Aloys. Anaishi mitaa miwili kutoka kwangu, na bado anavaa tai. Nilimsimulia yote, na nakiri kwamba nilikwenda na hasira, nikitaka aibebe yeye. Alisikiliza hadi mwisho.

"Nilikufundisha kutoa mutu kwenye fremu," alisema. "Sikukufundisha kutoa jina yake kwenye fomu."

"Fomu haikuwa na safu ya majina, Bwana Aloys."

"Karatasi haina nyuma?"

Aliichezea tai yake muda. Nje mvua ilikuwa imeanza, ile nzito ya Machi, na tuliisikiliza wote wawili kwa mazoea, kila mmoja akikadiria kimoyomoyo maji yatapanda kiasi gani kwenye ufito wa kupimia kina.

"Mimi nami niliandika hivyo," alisema mwishowe. "Mutu moja. Mutu mbili. Kabla yako, miaka mingi. Kulikuwa mama mwingine wakati wangu, kituo cha nne. Sasa nafikiri jina yake haitaki kuja."

Alifumba macho akilitafuta, na nilikaa naye hadi mvua ikapungua. Halikuja.

Siwaambii muwajaze watu kwenye fremu zenu. Picha ya marudio yenye watu ni picha ya watu, na maji yataibiwa nyuma yao. Endeleeni kungoja. Lakini wakati mnangoja, mna dakika mbili ambazo hazina kazi nyingine. Ulizeni jina. Ulizeni anafanya nini hapo na tangu lini. Andikeni nyuma ya fomu. Mkishapiga picha yenu tupu, mwombeni arudi alipokuwa, mpige ya pili, na muihifadhi katika droo ile ile. Mimi nilikuwa na dakika hizo mbili mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, nikazitumia kuangalia saa.

Donata bado hufika Mu Rufunzo, nje ya uzio. Wenye kadi humpa yaliyobaki: mafupi, yaliyopinda. Baadhi yao ni yeye aliyewafundisha kukata. Mikeka yake sasa ni midogo.

Wiki tano baada ya orodha kufungwa niliiandikia kamati barua. Naiweka hapa kama ilivyokwenda.

"Kwa Mwenyekiti na wajumbe wa kamati ya bustani,

Mimi ndiye niliyepiga picha za kituo cha saba ambazo kamati yenu inazitumia. Naandika kueleza zilivyopigwa.

Kila nilipofika, Bi Donata alikuwa ndani ya bonde akikata mafunjo. Alisimama katikati ya picha. Nilimwomba atoke, akatoka, nikapiga. Bonde mnaloliona tupu lilikuwa tupu kwa dakika mbili au tatu, kwa sababu yangu. Kabla ya dakika hizo na baada yake alikuwemo. Kila mahali katika fomu za kituo cha saba palipoandikwa 'mtu 1' kwa mkono wangu, mtu huyo ni yeye. Nimetia sahihi kando ya kila mstari, mbele ya mtunza kumbukumbu.

Naomba orodha ifunguliwe kwa ajili ya jina moja. Mkiona haiwezekani, naomba barua hii ipelekwe Kacyiru, iwekwe katika droo ya kituo cha saba, mbele ya picha ya kwanza, ili atakayetaka kuonyesha kwamba bonde hilo halikuwa na mtu aisome kwanza.

Barua hii nilimsomea Bi Donata kabla ya kuituma. Alikubali yote isipokuwa neno moja. Nilikuwa nimeandika kwamba alitoka kwa hiari yake. Alisema nilifute, niandike kwamba alitoka kwa sababu nilimwomba."